Wembe wa Baba, Miguu ya Mdogo Wangu

Kilichoanzisha yote ni wembe butu. Baba alikuwa akinyoa ndevu kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, amesimama uani mbele ya kioo kidogo kilichoning'inia kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Asubuhi hiyo alijikata shavuni. Akautoa wembe kwenye mashine yake ya kunyolea, akauinua juani kama mtu anayekagua insha mbovu, akauliza ni nani aliyeutumia. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Mdogo wangu alikuwa anafunga kamba za viatu, na ndani ya viatu alivaa soksi nyeupe alizozivuta hadi magotini, katika joto la Novemba, hapa Masasi, wakati ambapo hata jiwe la kivulini hulikalii.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache kabla, nikarudi nyumbani kungoja kazi. Waliotutangulia walipangiwa kazi na serikali kabla hata hawajarudisha majoho ya mahafali. Sisi tuliambiwa zama zimebadilika, kila mtu ajitafutie. Kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza, na mimi kuwaza kwangu ni ugonjwa. Kabla uji haujachemka nilikuwa nimeshamwona mdogo wangu amejikata, kidonda kimeingia kutu, taya limekaza, tumempakia kwenye gari la misheni, na mimi ndiye niliyenyamaza wakati baba anauliza. Niliunguza uji.

Mama aliiona miguu alasiri ya siku hiyo hiyo, mdogo wangu alipovua soksi kunawa bombani. Ilikuwa inang'aa kama ya mtoto mchanga, na kwenye muundi mmoja palikuwa na mstari wa damu iliyokauka. Mama alisimama na ndoo yake mkononi, akatazama, akageuka, akaingia ndani. Hakusema neno.

Ukimya huo unahitaji maelezo. Kwetu, msichana akishatoka unyagoni, mama yake hazungumzi naye tena habari za mwili. Sisi ni wajukuu wa misheni. Babu mzaa baba alikuwa katekista, na unyago wetu ulifunguliwa na padri kwa sala na kufungwa na padri kwa sala, lakini mwiko huo hakuna padri aliyeugusa. Mambo ya mwili ni ya somo, yaani yule mwanamke aliyekusimamia unyagoni. Mama akiona jambo humwambia somo, somo humwambia binti, binti humjibu somo, na somo humrudishia mama. Unaweza kuishi nyumba moja na mama yako, mkapeta mchele kwenye ungo mmoja, na habari ya tumbo lako linalouma ikabidi isafiri hadi Chiwata na kurudi ndipo imfikie aliyekaa ubavuni mwako. Chiwata ndiko alikokuwa anaishi somo wa mdogo wangu. Watu wazima wakiusimulia utaratibu huu huuita heshima. Mimi nilipitia humo humo, na ninachokumbuka ni upweke.

Basi, kwa kuwa Chiwata ni mbali na mimi nilikuwa karibu, mama alinituma mimi. Nikamwulize mdogo wangu ana nini miguuni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo. Alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, katika shule ya kutwa iliyoanzishwa na wazazi. Alichukua umbo la upande wa baba. Shangazi zetu wote wana vinyweleo vingi miguuni na kivuli cha masharubu juu ya mdomo, na hawakuwahi kuvihangaikia, kwa sababu walikulia enzi ambayo hapakuwa na mtu wa kuwacheka. Mimi nilimfuata mama, sina hata unywele wa kuhesabu, na nadhani ndiyo maana sikuwahi kuona kilichokuwa kinaendelea.

Alinieleza bila kuniangalia, kisu kikiendelea kufanya kazi. Tangu muhula uanze, wavulana wa darasa lake walikuwa wakisimama kila akiingia, wote pamoja, mikono nyuma, wakisema, "Shikamoo, babu." Halafu wanabaki wamesimama kungoja marahaba. Hata wakati wa kipindi, akiinuka kwenda ubaoni, anaisikia kwa sauti ya chini kutoka nyuma. Shikamoo, babu. Siku moja mwalimu, mwanamume mzima mwenye mke na watoto, aliingia akakuta wamesimama. Hakuwakalisha. Alicheka, akasema, "Mwamkieni vizuri, mkubwa huyo." Kuanzia siku hiyo mdogo wangu aliacha kunyoosha kidole, hata kwa hesabu, somo alilokuwa akiongoza.

Karibu na stendi kulikuwa na duka jipya la vipodozi. Nilipokuwa mtoto, mama alipanga foleni kutwa nzima apate kipande cha sabuni ya kufulia; sasa maduka yale yale yalijaa losheni, dawa za kulainisha nywele, na vibweta vya krimu ya kuondolea vinyweleo vyenye picha ya mwanamke ambaye miguu yake haijawahi kukanyaga shamba la mikorosho. Mdogo wangu alikuwa ameiona krimu hiyo. Hakuwa na uwezo nayo. Akachukua wembe wa baba.

"Wiki hii hawajasema kitu," aliniambia. "Wananitazama, wanakosa pa kuanzia. Mwambie mama nikikatazwa kunyoa, shule siendi tena. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Sikupunguza. Nilimwambia mama kila kitu, na babu na mwalimu na kidole kisichonyooka. Nilitegemea atakasirika, aingie kwa mwalimu mkuu na kanga yake ameifunga kiunoni. Mama aliweka ungo chini, akaniuliza swali moja.

"Nani amekufa?"

Nilijua anamaanisha nini, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba nilijua. Katika ukoo wa mama wembe unapita kwenye mwili wa msichana kwa sababu mbili tu: unyago na msiba. Unyago ulikuwa umepita. Binti anayejinyoa mwenyewe, wazazi wake wakiwa hai na wazima, anawalilia kabla ya siku zao. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, alijua kusoma lebo ya dawa na kuuliza tarehe yake. Lakini alivuta kanga juu ya mabega kama mtu aliyepitiwa na baridi, akanituma nikamwambie mtoto aache.

Nikamwambia. Kesho yake mdogo wangu hakuamka kwenda shule. Hakusingizia malaria wala kichwa. Alilala ameelekea ukutani, sare yake imekunjwa juu ya kiti, na alipoulizwa alisema ameshasema. Keshokutwa yake vile vile. Kidato cha pili wana mtihani wa taifa, na mtihani ulikuwa unakaribia. Hili nililiwaza mpaka nikaota. Nilimwona amefukuzwa, ameolewa na mnunuzi wa korosho mwenye pikipiki, ana watoto, anamenya muhogo pale pale, na mkononi kisu kile kile.

Nilimwendea baba. Nilidhani yeye, kwa kuwa ni mwalimu, atajali kwamba mwanafunzi haendi shule, hata kama mwanafunzi mwenyewe ni binti yake. Baba alikunja gazeti, akasema hayo ni mambo ya wanawake, akalikunjua.

Hapo sina budi kusema jambo la baba, kwa sababu bila hilo hasira yangu haieleweki. Mwaka ule wafanyakazi wa serikali walikuwa wanapunguzwa, na uvumi ulikuwa kwamba wataanza na wenye umri mkubwa. Baba alikuwa na mvi za heshima. Siku moja alirudi kutoka duka lile lile la stendi na pakiti ya rangi nyeusi ya nywele, na tangu hapo, kila mvi zikichungulia, mimi ndiye niliyempaka, nyuma ya nyumba, kwa mswaki mkuukuu, yeye amejifunga taulo shingoni na kufumba macho. Nilimwonea huruma. Mikono yangu ilibaki na madoa meusi siku nzima, na sikumcheka, kwa sababu nilijua anaogopa nini. Mama alijua. Jirani walijua. Hakuna aliyemtuma mtu Chiwata. Hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Kumbe mtu mzima akiogopa kupunguzwa kazini, anabadilisha kichwa chake, na hilo ni jambo lake. Mtoto akiogopa kuchekwa darasani, ukoo unakutana.

Na kweli ulikutana. Somo alikuja kutoka Chiwata, mwanamke mnene mcheshi aliyependa chai yenye sukari nyingi, akakaa na mdogo wangu chumbani, akatoka anatikisa kichwa. Alisema katika yote aliyofundishwa na mwenyewe akafundisha, hakuna mahali palipotajwa miguu. Hawezi kuamua. Aitwe mjomba.

Kwa watu wa mama, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Kaka mkubwa wa mama alikuwa mkulima huko Makote, juu uwandani upande wa Newala, na ule ulikuwa msimu. Korosho zilikuwa chini ya miti zikisubiri kuokotwa, wanunuzi binafsi wanapita na malori, na anayechelewa mvua inamharibia. Mjomba aliziacha korosho zake chini, akapanda lori la mnunuzi, akashuka hadi Masasi, safari ya vumbi tupu, kwa ajili ya miguu ya mtoto wa kidato cha pili. Wote walisema tazama anavyowapenda wapwa zake. Nilitazama. Ni kweli anatupenda. Lakini mapenzi hayo yaliteremka uwanda mzima, yakafika mlangoni, yakashindwa kupita pazia moja kumuuliza mwenyewe ana shida gani.

Tulikaa barazani. Mjomba kwenye kiti chenye mgongo, baba kando yake, mama na somo kwenye mkeka, na mimi kwenye kizingiti, nimeitwa kwa sababu ya shahada. Mdogo wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Kila mtu alijua kwamba anasikia.

"Msomi," mjomba aliniambia, "huko chuoni walikuwa wanawafundisha kunyoa miguu?"

"Huko tulikuwa tunapanga foleni ya wali, mjomba. Miguu hakuna aliyepata nafasi ya kuitazama."

"Ndiyo maana umerudi bila mchumba," alisema, na somo akacheka mpaka chai ikamwagika.

Utani ulipokwisha, mjomba alitoa maneno yake polepole, na lazima nikiri alikuwa ameyafikiria njia nzima. Mwanzoni mwa mwaka bibi yetu, mama yao yeye na mama, alikuwa amefariki. Siku ya kumaliza msiba wajukuu wote walinyolewa vichwa, isipokuwa mdogo wangu, aliyebaki Masasi kwa sababu ya mitihani. Basi, alisema mjomba, mtoto huyu hajajinyoa bila sababu. Alikuwa bado hajanyolewa kwa bibi yake, na bibi yake amemkumbusha. Hakujua, akaanzia miguuni. Somo amnyoe kichwa kama walivyonyolewa wenzake, na miguu ihesabiwe humo humo. Jambo litakuwa na jina, na hapatakuwa na mtu aliyeliliwa kabla ya siku zake.

Mabega ya mama yalishuka. Nilimwona akipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Baba alisema shemeji umemaliza kazi. Somo alisema amina. Wote walifurahi kwa dhati, na katika furaha ile hapakuwa na hata mmoja aliyetaja darasa, wala wavulana, wala yule mwalimu. Walikuwa wamehangaika wiki nzima kutafuta sababu ya kitendo ambacho mwenyewe alishakitolea sababu siku ya kwanza, kwa kinywa chake, nami nikaileta bila kuipunguza. Sababu yake waliisikia. Hawakuitaka. Wakampa ya kwao, na pamoja nayo wakamchukulia nywele za kichwa, nywele alizokuwa anasuka mistari kila Jumapili, kitu pekee mwilini mwake ambacho hakuna aliyewahi kukicheka.

Nilisema, "Mjomba, tumwite mwenyewe."

"Mtoto haitwi kwenye kesi yake," alijibu, bila ukali wowote. "Anaitwa kwenye hukumu."

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Hata chuoni nilikuwa naandika swali langu, nalisoma moyoni mara kadhaa, na nikiwa tayari mhadhara umekwisha. Siku hiyo sikuandika kitu. Nilisimama, nikasema mambo kwa mpangilio mbaya: mtihani, darasa, babu, kidole. Nilisema shida haiko miguuni kwake, iko shuleni, na hakuna aliyekwenda shuleni. Sauti ilinipanda mpaka mama akanionyesha kwa mkono nikae. Nilipokuwa nakaa, macho yangu yalianguka kwenye shavu la baba, pale alipojikata.

"Baba ananyoa kila asubuhi," nilisema. "Nani amekufa?"

Baba alitazama miguu yake. Nilitazama juu kidogo, kwenye ule weusi wa nywele zake niliokuwa nimeupaka mwenyewe, na mjomba akayafuata macho yangu, kisha akayaondoa yake haraka. Sikulitaja. Ningelitaja ningekuwa nimemfanyia baba kile wavulana walichomfanyia mdogo wangu.

"Baba yako ni mwanamume," alisema mjomba.

"Na ananyoa asichekwe. Na huyu naye hivyo hivyo."

Pazia likasogea. Mdogo wangu alitoka amevaa gauni la nyumbani, bila soksi, akapiga goti mbele ya mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kichwa ninyoeni. Bibi nilimpenda, na mlimaliza msiba wake mimi nikiwa kwenye chumba cha mtihani. Lakini miguu msiiweke humo. Miguu nimenyoa mwenyewe, kwa ajili yangu, na nitanyoa tena. Nikiruhusiwa, Jumatatu naenda shule. Nisiporuhusiwa, siendi."

Alibaki amepiga goti. Mjomba akamgeukia somo, akasema, "Umemsikia. Kichwa ni Jumamosi. Tafuteni wembe mpya." Akaomba maji ya kunawa, akauliza kuhusu chakula.

Kichwa alikisikia, miguu hakuisikia. Baadaye somo alinieleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo wazee wanavyoruhusu, kwa kutosikia, na kwamba mdogo wangu ameshinda. Mimi siuiti ushindi. Mtu amepiga goti, amesema maneno yaliyonyooka kuliko yote yaliyosemwa pale, na tuzo yake ni kwamba wamejifanya viziwi.

Alinyolewa Jumamosi, uani, kwenye kigoda. Alilia, na nadhani kilio kile kilikuwa cha bibi kweli, maana alimtaja. Mama aliziokota nywele zote, akazifunga kwenye kitambaa, akaenda kuzifukia mwenyewe. Mjomba aliondoka jioni hiyo na lori la kurudi Newala, akiwa ameridhika.

Jumatatu mdogo wangu alivaa sare yake. Kichwa cheupe, miguu mitupu, laini, imepakwa mafuta. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikiwa nimeshawaza vicheko vya aina zote na jibu la kila kimoja, nikitaka kumpa yote. Hakuyataka.

"Rudi, dada. Wakiniona na mlinzi ndiyo watanimaliza."

Nilirudi. Siku ile sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Mama naye alipeta mchele uliokwisha kupetwa. Kila mlio wa baiskeli ulitutoa nje.

Alirudi saa kumi, akabadili nguo, akakaa jikoni kumenya muhogo. Mama alikuja chumbani kwangu akafunga mlango.

"Kamuulize kama wamemcheka."

Nilimwambia, na sijawahi kumjibu mama hivyo, kwamba mimi si somo, si mjomba, na si posta. "Yuko pale jikoni, mama. Muulize mwenyewe."

Mama alinitazama kama nimemtukana. Alitoka. Nilimsikia akiingia jikoni, akisogeza sufuria, akisogeza sufuria nyingine. Akafunika kitu. Akafunua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

"Walikucheka?" mama aliuliza.

Kisu kilisimama.

"Walicheka. Wameniita kipara."

"Na mwalimu?"

"Yeye hakucheka. Nilinyoosha kidole, akanichagua."

Kisha mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ikimwelekea yeyote kati yetu tangu tutoke unyagoni, "Huo mguu uliojikata, uoshe kwa maji ya chumvi." Na kisu kikaendelea na muhogo.

Nilikaa kitandani. Najua ningepaswa kushukuru, na sehemu yangu ilishukuru. Lakini nilichokuwa nacho kifuani ni hasira, na mpaka leo ninapoandika haijapoa. Maneno yote yale hayakujaza hata dakika. Yangeweza kusemwa siku ile bombani, mama akiwa na ndoo yake mkononi, na mtoto angebaki na nywele zake.